Jino la Pembe

Nafasi iliyo kati ya meno ina majina mawili katika Kiswahili, na majina hayo hayalingani kwa heshima. Nafasi aliyozaliwa nayo mtu katikati ya meno yake ya mbele huitwa mwanya, na watu huuhesabu kuwa pambo la uso. Nafasi iliyoachwa na jino lililotoka huitwa pengo, na hapana anayelisifu. Zote mbili ni upenyo mtupu tu. Lakini mwanya haukupotewa na kitu, na pengo ni kaburi la kitu kilichokuwako. Ndiyo sababu neno hili la pili lilitoka kinywani likaenda msibani, hata afapo mtu mwema husemwa kuwa ameacha pengo. Na juu ya pengo wahenga walipitisha hukumu ambayo mpaka leo haijakatiwa rufani: jino la pembe si dawa ya pengo.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyestaafu, mkazi wa Tanga, aliifundisha methali hiyo kwa miaka zaidi ya 30 pasipo kufikiri kwamba siku moja ataulizwa maana yake na daktari wa meno. Alikuwa na umri wa miaka 66 alipoteleza barazani kwake asubuhi ya mvua, mdomo ukagonga ukingo wa ngazi. Jino lake la mbele, la juu, upande wa kulia, lilivunjika, na mzizi wake ukapasuka ndani ya ufizi. Mzizi uliopasuka namna ile hauna matengenezo. Jino likang'olewa siku ile ile, na Mwalimu akarudi nyumbani na pamba mdomoni.

Mwanzoni hakuliona kuwa ni msiba. Jino la mbele hukata, halisagi; kazi ya kusaga ni ya magego, na magego yake yalikuwa timamu. Embe alilokuwa akiliuma sasa alilikata kwa kisu. Habari ya sura aliwaachia vijana, maana masharubu yake yalifunika nusu ya aibu, na nusu iliyobaki aliona kuwa umri umekwisha kuilipia. Jambo lililomwondolea utulivu lilitokea jioni moja alipokuwa akimsomea imla mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la nne. Mwalimu alitaja neno fedha. Mtoto akaandika feza.

Kosa hilo Mwalimu alilijua kama mkulima ajuavyo gugu la shambani kwake. Watoto wengi ambao lugha za mama zao hazina sauti ya dh huigeuza kuwa z, na yeye mwenyewe, aliyezaliwa mbali na pwani, aliwahi kuwa mmoja wao. Aliishinda kwa juhudi chuoni, akiweka ncha ya ulimi kwenye meno ya juu mpaka sauti ikanyoka. Tangu hapo kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi kilipita mbele yake, na hapana aliyetoka darasani mwake akisema feza. Basi alipomkaripia mjukuu wake, mtoto alimtazama kwa mshangao akasema, "Babu, nimeandika ulivyosema."

Sauti ya f hutaka meno ya juu yaguse mdomo wa chini; sauti za th na dh hutaka ulimi uegemee meno yale yale. Atoapo mtu jino moja katika ukuta huo, upepo hupata mlango usiokuwa wake. Mwalimu alilijua jambo hilo kwa nadharia, akalifundisha kwa michoro ubaoni. Sasa alilijua kwa njia nyingine. Mtu aliyeishi kwa kutamka alikuwa amepoteza chombo cha kazi, na aliyemwambia ni mtoto.

Daktari aliyemwendea alikuwa mwanamke kijana, mwenyeji wa pwani, aliyesimama alipomwona mlangoni. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, Daktari." Kisha akaanza na shauri ambalo wagonjwa hawalitarajii kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kutia meno, nalo ni kuliacha pengo kama lilivyo.

Shauri hilo lina wataalamu wake. Mwaka 1981 Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alieleza kwamba mtu aliyepoteza magego yake ya nyuma aweza kula na kuishi vyema kwa safu fupi ya meno, maadamu meno ya mbele na magego madogo yamesalia, na ya juu yanakutana na ya chini. Neno lake lilijaribiwa Tanzania pia. Utafiti wa Sarita na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa malalamiko makubwa ya kutafuna yalikuwa ya wale ambao safu zao zilikuwa fupi mno, ilhali wengi wengine walijimudu. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 1992, lilitaja shabaha ya mtu kubaki maisha yake yote na meno ya asili yasiyopungua 20. Watu wazima wengi wana meno 32 au pungufu kidogo. Kwa hiyo si kila jino litokalo huacha deni. "Lingekuwa gego la mwisho, Mwalimu," alisema Daktari, "ningekwambia nenda nyumbani ukale." Lakini hili halikuwa gego la mwisho, na meno ni majirani wasiostahimili kiwanja kitupu. Aghalabu yaliyo kandokando huinama kuingia ndani ya nafasi, na la upande wa pili, likikosa mwenzi wa kukutana naye, hushuka au hupanda kumtafuta. Mfupa nao hunywea. Katika miezi 12 baada ya kung'oa, upana wa ukingo wa taya mahali hapo hupungua kwa kiasi cha nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya kwanza. Hivyo hata anayeketi kufikiri, huku akidhani kufikiri ni bure, analipa.

Mwalimu akataja methali yake. Daktari akacheka. "Hao wahenga, Mwalimu, walipata kuliona jino la pembe?"

Swali hilo linastahili jibu kuliko lilivyokusudiwa, kwa kuwa meno ya mfupa na pembe yaliwahi kuwamo vinywani mwa watu. Tabibu Al-Zahrawi wa Cordoba, aliyeandika yapata mwaka 1000, alieleza jinsi ya kufunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, na jinsi ya kuchonga jino la badala kwa mfupa wa ng'ombe. Huko Ulaya na Marekani katika karne ya 18 mafundi walipenda pembe ya kiboko kuliko ya tembo kwa ugumu na weupe wake. George Washington, alipoapishwa kuwa rais mwaka 1789, alikuwa na jino moja tu la kwake. Mengine yalikuwa yamewekwa juu ya kitako kilichochongwa kwa pembe ya kiboko. Na katika karne ya 19 meno ya kiboko yalikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka Zanzibar pamoja na pembe za ndovu. Yamkini, basi, kiboko wa mto fulani wa Afrika ya Mashariki alikwenda kutafuna nyama katika meza ya bwana mmoja wa London. Wengine walitiwa meno ya wanadamu wenzao. Baada ya vita vya Waterloo, mwaka 1815, meno yaling'olewa katika maiti za askari yakauzwa kwa mafundi, na waliovaa mengi yao hawakuuliza yametoka wapi.

Pembe ile ilioza. Haikuwa na damu ya kuilisha, mate yaliilainisha, ikabadilika rangi, ikanuka. Kama wahenga walilisema neno lao kwa kuona au kwa kukisia, walisema kweli juu ya pembe. Lakini tangu karne ya 19 mpira uliokaushwa kwa salfa ulichukua nafasi yake, na tangu miaka ya 1930 plastiki ya akriliki ikauondoa mpira huo. Hukumu iliyotolewa juu ya pembe yaweza kutumika juu ya akriliki, kauri na titaniamu bila kusikiliza ushahidi upya? Mwalimu alikwenda nyumbani na swali hilo, akalala nalo, akarudi juma la pili akiwa tayari kusikiliza.

Njia ya kwanza aliyoonyeshwa ilikuwa daraja. Meno mawili yaliyo kando ya pengo huchongwa pande zote, huvikwa kofia, na kati ya kofia hizo huning'inizwa jino la tatu lisilo na mzizi. Ni kazi imara: katika kila madaraja 10, kiasi cha tisa huwa bado yamesimama baada ya miaka 10. Walakini gamba la jino, ile enameli, haliwi na chembe hai baada ya jino kuota. Likisagwa halirudi milele. Kwa hiyo meno mawili mazima hushitakiwa kwa kosa la kukaa karibu na marehemu, na adhabu yao haina msamaha. Mtu ambaye meno yake ya kando yamekwisha kutobolewa na kuzibwa hapotezi mengi kwa njia hii. Ya Mwalimu hayakuwa na tundu hata moja. Alikataa kabla Daktari hajamaliza kuchora.

Daktari hakusikitika, kwa sababu yeye mwenyewe alipendelea daraja la namna nyingine, lile la gundi. Mfaransa Rochette alilieleza mwaka 1973, na chuo kikuu cha Maryland, Marekani, kikaliendeleza katika miaka ya 1980. Jino la bandia huwa na bawa jembamba, nalo hubandikwa nyuma ya jirani mmoja au wawili, pasipo kuchonga, au kwa kuchonga kidogo sana. Likibanduka, hubandikwa tena. Kwa jino moja la mbele, na kwa mtu asiyetaka kuumiza majirani, ni vigumu kuona shauri bora. Daktari akalipulizia upepo jino la jirani likauke, akalitazama chini ya taa, akanyamaza.

Lilikuwa na rangi ya kahawia.

Mwalimu alizaliwa katika miteremko ya Mlima Meru, upande wa Maji ya Chai. Miamba ya volkano ya nchi ile hutia floridi nyingi katika chemchemi na mito. Shirika la Afya Duniani hutaka lita moja ya maji isizidi miligramu 1.5 za floridi, na ziko chemchemi huko zinazokipita kipimo hicho mara nyingi. Magadi yanayotiwa katika maharage huongeza mengine. Mtoto anywaye maji hayo katika miaka minane ya kwanza, wakati meno yake yanafanyika ndani ya taya, huota meno yenye madoa na michirizi ya kahawia ambayo mswaki hauiondoi. Katika kituo cha Ngurdoto wataalamu huchuja floridi hiyo kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa makaa, lakini uchujaji huo hauwafai waliokwisha kuota. Alipofika Tanga akiwa kijana, wenyeji walimdhania mtafuna tumbaku. Mzazi mmoja alimletea mswaki kama zawadi, kwa nia njema kabisa. Mwalimu alivumilia, akazoea, hata meno yake yakawa kama hati ya kuzaliwa isiyopotea. Na mtu wa Arusha aliyekutana naye katika stendi ya mabasi alimsalimu kwa lugha ya kwao kabla ya kuulizana majina.

Sasa meno yale yalikuwa na neno jingine la kusema. Ili gundi ishike, kwanza enameli hukwaruzwa kwa asidi. Na enameli iliyojaa floridi huipinga asidi, hivyo gundi haishiki juu yake kwa uhakika kama inavyoshika juu ya nyingine. Maji aliyokunywa utotoni yalikuwa yamemkinga na matundu, na maji yale yale yakamzuilia dawa iliyo nzuri.

Ilibaki titaniamu. Mwaka 1952, huko Lund, Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alitia vyombo vya titaniamu katika mifupa ya sungura ili achunguze mwendo wa damu, na alipotaka kuvitoa akaona vimeshikamana na mfupa. Mwaka 1965 alimtilia Gösta Larsson, katika mji wa Göteborg, skrubu za titaniamu tayani, na juu yake meno; Larsson alikaa nazo mpaka alipokufa mwaka 2006. Hapa hapana jirani anayeguswa. Skrubu hukaa mahali pa mzizi, mfupa huikumbatia kwa miezi mitatu hadi sita, kisha jino hufungwa juu yake, na mwenyewe huuma embe kama zamani. Ikiwa jino la pembe lina mjukuu aliyeikana hukumu ya wahenga, ndiye huyu.

Lakini Mwalimu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Sukari iliyodhibitiwa haikatazi kazi hiyo, ila hutaka uangalifu, na yake ilikuwa siku nyingine imedhibitiwa na siku nyingine imemdhibiti yeye. Mfupa ulikuwa umekwisha kuanza kunywea, kwa hiyo ungetaka kuongezwa unga wa mfupa, ambao aghalabu hutengenezwa kwa mifupa ya ng'ombe. Shemeji yake, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliposikia hayo aliuliza ng'ombe huyo alichinjwa na nani. Kisha ikatajwa bei. Jioni ile mke wa Mwalimu hakusema neno. Alileta daftari la hesabu za nyumba akaliweka mezani, akaenda jikoni. Kiinua mgongo kilikuwa kimekwisha kuezeka nusu ya nyumba, na sehemu iliyobaki ilikuwa na jina la mjukuu mkubwa aliyekuwa akisomea uuguzi. Skrubu moja ya titaniamu ingekula mwaka wake wa mwisho. Hapo Mwalimu alitambua kwamba hata jino lisilogusa majirani kinywani lina majirani nje ya kinywa.

Shemeji alikuwa na shauri lake. Yeye alivaa jino la dhahabu tangu ujana, kama ilivyokuwa fahari ya watu wengi wa pwani, na hakuona haya, kwa sababu wanavyuoni waliruhusu dhahabu kwa haja kama hiyo wakitegemea kisa cha Arfaja, sahaba aliyekatwa pua vitani, akatia pua ya fedha, ikanuka, akaagizwa na Mtume atie ya dhahabu. "Lako nalo lifanye la dhahabu, shemeji. Likiwa la bandia, na lijulikane kuwa la bandia." Kulikuwa na uungwana katika neno hilo, wala Mwalimu hakulidharau. Lakini dhahabu nayo hutaka kofia, na kofia hutaka kuchonga.

Akachagua jino la kuvaa na kuvua. Katika mashauri yote hili ndilo lililo duni kwa sifa. Ni bamba la akriliki linalofunika sehemu ya kaakaa, lenye jino moja mbele na vikulabu viwili vya waya. Usiku sharti livuliwe, lisuguliwe, lilazwe majini. Asiyelisafisha huwaumiza ufizi na meno yaliyo kando. Haliwezi kufanywa dogo mno, kwa hatari ya kumezwa. Wala halishiki kama kitu kilichoota. Mwalimu aliyajua yote hayo, na sababu aliyoitoa ilikuwa ya mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote: kati ya meno yote aliyoonyeshwa, hili ndilo pekee linaloweza kufutwa likaandikwa upya. Mjukuu akihitimu, sukari ikitulia, mlango wa titaniamu ungalipo, ijapokuwa mfupa utakuwa umepungua; na majirani wake wangali wazima.

Daktari akatoa kigezo cha rangi, meno 16 ya mfano yaliyopangwa kutoka jeupe hadi la manjano iliyokolea. Akayaweka moja moja kando ya pengo. Hakuna lililofanana. Waliokitengeneza kigezo kile hawakunywa maji ya Meru. "Twaweza kuchukua hili jeupe kidogo," alisema, "na baadaye, ukipenda, tuyang'arishe hayo mengine." Mwalimu akaomba kioo. Jino la mfano lilikaa kati ya meno yake kama mgeni aliyeingia msibani amevaa nguo za harusi. Akauliza kama fundi aweza kulipaka madoa.

Wako watakaosema ni wazimu mtu kununua ila kwa fedha yake. Yaweza kujibiwa kwamba jino hutiwa ili macho ya watu yapite bila kukwama, na jeupe peke yake lingeyakwamisha kila siku kuliko pengo lenyewe. Fundi hakuwahi kuagizwa kazi hiyo. Alipelekewa picha, akapaka michirizi ya kahawia, ikatoka kama kutu, likarudishwa. Mara ya pili ilitoka nyepesi. Mara ya tatu Daktari mwenyewe, alipolishika kwenye mwanga wa dirisha, alisahau kwa nukta moja lipi ni la bandia.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Bamba lilijaza kinywa, mate yalimiminika, na fedha ikatoka katika sura ambayo haikuwa fedha wala feza. Alikaa chumbani akisoma gazeti kwa sauti saa nzima kila asubuhi, mpaka mkewe akauliza kama amerudishwa kazini. Katika juma la tatu ulimi ulipata mahali pake. Jioni akamwita mjukuu na daftari lake.

Akamsomea fedha, akamsomea thamani, akamsomea dhamana na fidhuli. Mtoto aliandika bila kuinua kichwa, na Mwalimu, aliyekuwa akichungulia juu ya bega lake, hakukuta pa kutia kalamu nyekundu. Ndipo akasoma sentensi ya mwisho, polepole, kama alivyoisoma kwa miaka zaidi ya 30: jino la pembe si dawa ya pengo. Mtoto akaandika, akaweka nukta, akamtazama babu yake mdomoni.

"Babu, hilo lako ni la pembe?"

"La plastiki," akajibu Mwalimu. "Andika tarehe."